Hamu Iliponihama

Wiki iliyopita mliniacha chooni kazini, nimeinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha na ndani hamna kitu isipokuwa vumbi. Nililamba lile vumbi. Nilisema nitaeleza yote, basi na hilo liingie.

Kwa msomaji anayenikuta njiani: mimi ni fundi lifti. Nina mke, nina watoto pacha, na mama yangu mzazi yu hai. Kampuni yetu ilipopewa jengo refu la kumaliza haraka, mwenzangu wa kazi, mtu tunayemwita Kasi, alinipa kidonge cheupe cha kuondoa uchovu. Kikauondoa. Kikaondoa na usingizi, na njaa, na uvivu niliozaliwa nao. Nikawa nafanya kazi ya watu watatu huku napiga mluzi, hata kufagia karakana kukawa kutamu. Bosi akanipandisha cheo, nikawa msimamizi wa zamu. Mke wangu akashukuru kwamba mumewe amepata bidii. Hakujua bidii ile inakaa mfukoni.

Kisha Kasi akahamishiwa kituo kingine, kichupa cha vidonge alichoniachia kikaisha, nami nikajiambia: vizuri, huu ndio mwisho, mimi ni mwanamume.

Nilijiandaa kuumwa. Nilikuwa nimesikia habari za jasho, za kutetemeka, za kutapika. Nikakaa kama mtu aliyetega ndoo akisubiri mvua. Mvua haikuja. Nililala sana, nikala kama fisi, nikaamka mzima.

Ila sikutaka kitu.

Naomba nieleweke hapa, maana watu hudhani nazungumzia huzuni. Huzuni naijua, nimezika baba. Mwenye huzuni kuna kitu anakitaka na hakipati. Mimi sikuwa na ninachokitaka.

Asubuhi moja nilikaa ukingoni mwa kitanda nimevaa soksi mguu mmoja. Ya pili nilikuwa nimeishika. Mke wangu akaingia, akatoka, akapiga pasi sare za watoto, akarudi.

"Baba Pacha, hiyo soksi unaisubiri ijivalishe?"

"Navaa."

"Ulisema hivyo maji ya chai yakiwa jikoni. Chai imeiva, imenywewa, vikombe vimeoshwa."

Nikaitazama soksi. Nilijua inavyovaliwa. Mguu haukuwa na kidonda, mkono haukuwa na ganzi. Kilichokosekana ni kile kitu kidogo, sijui kinaitwaje, kinachomtoa mtu kwenye kusema "navaa" na kumfikisha kwenye kuvaa. Sisi wa lifti tungesema mota inazunguka lakini kamba haivuti.

"Unaumwa?" akauliza.

"Hapana."

"Umenuna?"

"Hapana."

"Basi una nini?"

"Sioni kwa nini."

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini chochote."

Alianza kucheka, akaona sicheki, akaacha. Akapiga magoti akanivalisha ile soksi mwenyewe, kama anavyowavalisha pacha. Mke mwingine angefoka. Wangu alinivalisha na viatu, akafunga kamba.

Jioni, ili muda usogee, nilianza kupitia kijiweni nyuma ya karakana kuvuta bangi. Ikawa mbaya juu ya mbaya. Vidonge vilinifundisha kukimbia; bangi ikanifundisha kutojali kwamba sikimbii tena.

Sasa nije kwa mama.

Mama anakaa ghorofa ya saba kwenye jengo la zamani, na lifti ya jengo lile iko chini ya zamu yangu. Ilikuwa imekufa. Wakazi walikuwa wakipanda ngazi na vifurushi vyao huku wakinitaja. Mlinzi wa langoni aliniuliza mara moja, kwa heshima zote, "Fundi, hii lifti imefariki au imesafiri?"

Ubovu wenyewe ulikuwa mdogo. Mlango wa lifti wa kila ghorofa una kitasa chenye umeme. Mlango usipofungwa sawasawa, umeme unakatika na lifti haiendi popote. Hiyo ndiyo kinga. Kitasa cha ghorofa ya saba kilikuwa kimelika. Mlango ulivutika kwa mkono hata lifti ikiwa chini kabisa, ukafungukia kwenye shimo tupu. Nilipigilia ubao kuuziba. Kitasa kipya kilikuwa kimeshafika stoo, kinanisubiri. Kwenda stoo na kurudi ni safari fupi, muwa mmoja hauishi mdomoni.

"Kesho, mama," nilimwambia kila alipopiga simu.

"Mganga hajigangi," alinijibu siku moja, bila hasira. "Wananiuliza, mwanao si fundi lifti? Nawaambia ndiye. Ila kwangu anakuja kama mgeni."

Macho ya mama yana ukungu, anasubiri kufanyiwa upasuaji. Magoti nayo yamegoma. Ngazi kwake ni mlima. Alikuwa hajakanyaga ardhi tangu lifti isimame.

Juzi nilikwenda. Sikwenda kwa kupenda, mke wangu alinisindikiza hadi langoni kwa mama, akaona naingia ndipo akaenda kazini.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na ule ubao, ameshavaa viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Na hatua zako zimekuwa za mzee." Haoni vizuri, lakini masikio yake ni ya paka. "Mwanangu, mimi sitaki makubwa. Nataka kushuka nikakae kwenye jua. Hili la huku juu linafika limeshachoka."

Ningependa kuwaambia nilimwonea huruma. Nilitaka tu maneno yaishe.

Nikapanda chumba cha mashine, kilicho juu ya paa, nikafungua kabati la umeme, nikachomeka kipande cha waya mahali ambapo hakitakiwi. Waya ule kazi yake ni moja: unaidanganya lifti kwamba milango yote imefungwa. Fundi anauweka wakati wa kupima, yeye mwenyewe akiwa amesimama pale, na anautoa kabla hajaondoka. Kuuacha ni dhambi ambayo kwenye kazi yetu haina toba.

Lifti ikatembea. Ikapanda mpaka saba, ikashuka, ikapanda. Wakazi wakatoka milangoni. Kuna mama mmoja wa ghorofa ya nne, fundi cherehani, shoga yake mama yangu, alipiga kigelegele. Nikang'oa ule ubao. Mama akashika mkono wangu akaubusu.

Mpango wangu ulikuwa mzuri: niende stoo, nichukue kitasa, nirudi nikifunge, nitoe waya. Nikakaa kwenye ngazi kupumzika kidogo kabla ya kuondoka.

Jua likahama ukutani. Nilisema sasa nainuka. Nikasema tena. Mwishowe niliinuka kweli, nikaenda nyumbani.

Sikusahau. Ningesahau ningekuwa na la kujitetea. Nilijua waya uko pale, nilijua mlango wa saba unavutika, nilijua macho ya mama. Yote niliyajua vizuri, kama mtu anavyojua majina ya miezi. Na hayakuniuma.

Nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia.

"Mama amepiga simu," mke wangu akasema. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Watoto walikuwa wamechora lifti kwa chaki sakafuni na wamo ndani yake, wanapanda. "Anasema umemfufua. Nilijua tu. Nilijua mume wangu yumo humo ndani, amejificha."

Akanitazama kwa namna ambayo hajanitazama muda mrefu. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema.

"Kwa hiyo imepona kabisa?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema.

Jana mchana nilikuwa sebuleni, zamu yangu ikiwa ya mapumziko, natazama ukuta. Akaingia shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ni dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa utani, akikaa kwenye kiti, kiti kinalalamika.

"Shemeji, dada amenituma nije nikutazame. Nimekutazama. Unatisha."

Sikucheka. Moyo ulikuwa umenidunda kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi, kwa sababu nilikumbuka jambo moja: madereva wa masafa hutembea na vidonge.

"Shemeji," nikasema, "unacho kile cha safari? Cheupe?"

Utani ukamtoka usoni. Akainuka, akafunga mlango wa kuelekea uani, walikokuwa wanacheza watoto.

"Ndiyo hiyo kumbe. Tangu lini?"

"Nipe kimoja tu."

"Nimekuuliza tangu lini."

Nikamwambia. Akatikisa kichwa polepole.

"Mimi nilivila mpaka nikaendesha lori nikiwa nimelala macho wazi. Nilipoacha, nilikaa miezi sijisikii kuoga. Mke akanikimbia akidhani nimerogwa. Unajua kosa letu? Tulidhani vile vidonge vinatupa nguvu. Nguvu ilikuwa yetu wenyewe, ya akiba, vyenyewe vinaifungulia mlango tu. Ulikuwa unakula mbegu, shemeji, ukadhani ni mavuno. Sasa shamba limebaki jeupe."

"Inarudi?"

"Hamu? Inarudi. Kidogo kidogo, na kwa mganga wa hospitali, si kwa wa kijiweni. Mimi ilirudi kupitia kitunguu. Siku moja nilikuwa nakata kitunguu nikajikuta nataka kukikata vizuri. Nikalia, na si kwa sababu ya kitunguu."

"Nitakwenda hospitali," nikasema. "Leo nipe kimoja. Nina jambo la kufanya na bila hicho sitainuka."

"Jambo gani haliwezi kungoja?"

Ndipo nikamwambia habari za waya. Niliisimulia kama ninavyoisimulia hapa, kwa utulivu. Nadhani utulivu ule ndio uliomtisha. Alisimama, ufunguo wa lori mkononi.

"Mama yako anapanda lifti hiyo?"

"Ndiyo."

"Na umekaa."

"Ndiyo maana nakuomba kidonge. Nikimeza, dakika hii hii naruka. Nitarudisha kila kitu mahali pake. Shemeji, hiki ni cha kuokoa mtu."

Alinikazia macho, na niliona mkono wake unakwenda mfukoni. Ukafika nusu. Ukarudi.

"Sina," akasema. Hata leo sijui kama alisema kweli. "Inuka hivyo hivyo."

"Siwezi."

"Sijakuuliza kama unaweza."

Akanishika kwapa kama gunia, akanitoa nje, akanipakia. Watoto akawapitisha kwa jirani. Njiani nilimpigia mama simu. Iliita mpaka ikakatika. Mama simu yake huiacha kitandani, anasema inamzidi kelele.

Tulimkuta mlinzi langoni, amefurahi kuniona. "Fundi, lifti inakimbia kama swala."

"Mama yangu ametoka?"

"Hajatoka. Ningemwona."

"Swichi ya kuizima iko wapi?" shemeji akauliza.

"Juu," nikamjibu. "Chumba cha mashine."

"Basi sikiliza. Mimi na mlinzi tunakaa hapa chini, hakuna mtu ataingia kwenye hilo sanduku. Wewe panda kwa ngazi, ukazime. Fundi ni wewe. Mimi nikigusa nitawaunguza wote."

Nikaanza kupanda.

Ghorofa ya kwanza ilikwenda. Ya pili ikaenda. Ya tatu nilikaa. Kutoka chini sauti ya shemeji ikapanda, "Sikusikii ukitembea." Nikainuka kwa aibu; kumbe aibu bado ilikuwepo, nikaishika kama fimbo.

Ghorofa ya nne nikasikia cherehani. Na juu ya cherehani, kicheko. Nakijua kicheko kile, kilinilea. Mama alikuwa mle ndani kwa shoga yake, nyuma ya mlango wa kijani, hatua chache kutoka kwenye ngazi.

Kilichotakiwa ni kugonga. Kugonga na kusema, "Mama, usipande lifti." Basi.

Lakini ningegonga, ningesalimu, ningeulizwa kwa nini, ningeambiwa nikae, ningeeleza. Nilichoka kabla sijaanza. Nikajiambia nikishautoa ule waya lifti itasimama yenyewe, sasa ya nini kumtisha mzee wa watu.

Nikaupita mlango wa kijani.

Nawaomba msiisome mistari ile haraka. Sikulewa, sikuwa na wazimu, na mama yangu nampenda. Niliupita.

Nilipofika juu, mlango wa chumba cha mashine ulikuwa wazi. Ndani, mgongo wake kwangu, alikuwa Kasi.

"Pumua kwanza, msimamizi," akasema bila kugeuka. "Unahema kama ng'ombe."

"Umefuata nini hapa?"

"Bosi amenituma. Wakazi wamempigia kukushukuru. Akashangaa, kitasa kiko stoo, sasa lifti inatembea na nini?" Akageuka. Kwenye kiganja cha kushoto alikuwa na kipande cha waya. Waya wangu. "Inatembea na hiki."

Waya umetoka. Imekwisha. Hata kama nitafukuzwa kazi, imekwisha.

"Asante," nikasema.

"Asante ya nini? Bosi hajakiona bado." Akafungua kiganja cha kulia. Kidonge kilikuwa cheupe kuliko nilivyokikumbuka. "Mimi si mtu mbaya. Nilisikia umeacha, nikajua utateseka. Meza, ukachukue kitasa stoo, ukifunge sasa hivi, kesho urudi kazini ukiwa fundi tunayemjua. Hiki cha kushoto nakitunza mimi. Siku moja utanisaidia jambo kule stoo. Si leo."

"Na nisipomeza?"

"Usipomeza, tazama ulivyo. Utakifunga kitasa wewe? Utashuka hizo ngazi?"

Alisema kweli, hilo ndilo lililoniumiza. Mwili mzima uliamka kwa kukitazama tu. Masikio yakafunguka, mikono ikapata joto. Nilitaka. Baada ya siku zote zile, nilikuwa nataka kitu.

Mkono wangu ukaenda wenyewe.

Hapo mota ikaunguruma.

Sote wawili tuliitazama. Gurudumu kubwa likazunguka taratibu, kamba zikakaza. Lifti ilikuwa inaondoka mahali fulani chini yetu, wakati waya uko kiganjani mwa Kasi na kitasa cha saba bado ni kibovu. Lifti ile haikupaswa kusogea hata unywele.

Rangi ikamtoka Kasi usoni.

"Mimi nimetoa mmoja," akasema. "Wewe uliweka mingapi?"

Nikajaribu kukumbuka. Kuna siku nyingi za vidonge ambazo mikono yangu ilifanya kazi na mimi sikuwepo. Nilishawahi kuja hapa kabla ya juzi. Sijui nilifanya nini.

Sakafu ya chumba cha mashine ina matundu ya kupitishia kamba, na sauti za shimoni hupanda kupitia humo. Kutoka ghorofa ya nne, ambako shemeji hakuweka mtu wa kuzuia, sauti ya mama ilipanda, na haikuwa na wasiwasi wowote, kama ya mtu anayemwambia mwenzake asiharakishe.

"Ngoja kwanza, shoga. Mguu wangu mmoja bado uko nje."

Swichi nyekundu ya kuzima kila kitu ilikuwa ukutani, upande wangu wa kushoto, naifikia bila hata kusogea.

Lakini mkono ulikuwa umeshanyooka, kuelekea kwenye kidonge.